Uzoefu wangu: nilivyotengeneza skii za kaboni za theluji ya unga kwa mikono yangu

Wenzangu mnaopenda theluji ya unga, ile laini inayofika magotini na ukiipita inaruka mpaka usoni, leo nataka nieleze vizuri jinsi nilivyojitengenezea skii za faiba ya kaboni, vile vibao viwili virefu vya kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji, maana nimeulizwa sana na kila nikijibu najibu nusunusu. Ilinichukua miezi minane mpaka kupata jozi inayoniridhisha. Jozi ya kwanza iliharibika, na hiyo ndo nitaielezea zaidi, kwa sababu ile ya pili isingekuwa hivi ilivyo bila hiyo.

Nianze na sababu. Skii zangu za zamani zilikuwa za faibaglasi na bati la alumini ndani, kila moja ina kilo 2 na gramu 350, kiuno, yaani upana wa katikati palipo pembamba, milimita 88. Kwenye theluji ngumu iliyoshindiliwa ni nzuri sana, zimetulia na kingo zinashika. Ila ukiingia kwenye unga pua, yaani ncha ya mbele, inazama, sasa ili isizame unaegemea nyuma, ukiegemea nyuma uzito wote unaenda kwenye mapaja, na mteremko haujafika hata nusu miguu inawaka moto unasimama kupumua. Nilikaa miaka nikiamini ni lazima iwe hivo, kwamba unga ni wa watu wenye mapaja ya chuma. Mpaka siku moja rafiki yangu akaniazima skii zake, pana, za kaboni, zimetengenezwa kwa mkono, akaniambia "kaka usiegemee nyuma, simama katikati tu, uziache zielee." Nikashuka nazo mara moja. Nikafika chini nikamuuliza zimetengenezwaje, na nikawa sina usingizi wiki nzima.

Wazo lenyewe la skii pana yenye pua iliyoinuliwa lina wenyewe. Shane McConkey, yule mtelezaji mkubwa mzaliwa wa Kanada, alishikilia kwamba theluji ya kina inafanana na maji kuliko inavyofanana na barafu, sasa kwa nini skii yake ifanane na ya barafu? Akafunga baindingi, vile vishikizo vya buti, kwenye skii za majini akashuka nazo milima ya Alaska. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoka Volant Spatula, skii aliyoibuni yeye, imepinda kinyume na tulivyozoea, katikati iko chini na ncha zote mbili zimeinuka kama mtumbwi. Baadaye DPS, kampuni ya skii, wakatoa Lotus 138, hiyo 138 ni upana wa kiuno kwa milimita, umbo la kuelea likakutana na kaboni. Mi nikiangalia skii yoyote ya unga ya leo naona watu hawa ndani yake, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa kaboni yenyewe. Faiba ya kaboni ya kawaida ina ugumu wa kama mara tatu ya faiba ya glasi, na bado ni nyepesi, sentimita moja ya ujazo ya nyuzi za kaboni ina kama gramu 1.8 na ya glasi ina 2.5 hivi. Kwa hiyo unatumia kitambaa chembamba zaidi na gundi kidogo zaidi kupata ugumu uleule. Na uzito unaoondoka kwenye pua na mkia una thamani kubwa kuliko unaoondoka chini ya buti, maana pua ndo iko mbali na mguu, kila ukigeuza unaizungusha. Gramu 100 za puani unazisikia mguuni kabisa.

Ila watu wanadhani kaboni ndo skii. Hapana jamani, skii ni mbao. Kiini cha ndani kinachoshikilia zile tabaka mbili za kaboni, ya juu na ya chini, zisikaribiane, hicho ndo kinaamua skii itapindaje. Mimi nilitumia paulonia, mti mwepesi sana, vipande vyembamba vimeunganishwa kwa gundi upande kwa upande, na katikati pamoja na pembeni nikaweka mbao ngumu ili skrubu za baindingi zipate pa kushika. Halafu unaranda. Chini ya buti unene milimita 11, unashuka taratibu mpaka milimita 2 kwenye ncha, na hapo kwenye kushuka ndo ufundi wote ulipo. Nilikuwa naranda kidogo, napima unene na kalipa, kile kifaa cha kupimia, napitisha kidole kutoka katikati kwenda puani nimefumba macho, kidole kinajua palipo na nundu kabla ya kalipa. Ukikosea ukaacha sehemu moja nene, kwenye theluji skii itapinda kabla na baada ya hapo, hapo penyewe itakaa kama ubao. Kazi hii ilinila wikiendi nne na sijutii hata saa moja.

Kalibu nilitengeneza kwa mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, mbavu zimepangwa kama za mashua na juu nimelaza bati lenye mpindo ninaoutaka. Chini inakaa plastiki ya P-Tex, ile inayoteleza, pembeni yake kingo za chuma ambazo unazikunja kwa mkono kufuata mzingo wa pua na kuzishika kwa matone ya supagluu, inataka subira sana. Juu ya kingo unaweka utepe mwembamba wa raba, kwa sababu chuma na kaboni havinyumbuki sawa na bila raba vinaachana. Na upande wa P-Tex unaopokea gundi lazima ukwaruzwe na msasa halafu upitishiwe moto wa haraka haraka, plastiki hiyo kwa asili yake haikubali gundi, ndo maana inateleza.

Halafu kaboni. Tabaka ya nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na tabaka ya nyuzi zilizolala mshazari digrii 45 kwenda pande zote mbili. Zile za urefu zinazuia kupinda, zile za mshazari zinazuia kujinyonga, na skii inayojinyonga ukiilaza ubavuni kingo ya mbele inakuachia. Vaa barakoa na glavu, hili nalisema kwa uzito wote, vumbi la kaboni linawasha na kuingia kifuani, na epoksi, ndo gundi yenyewe, ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa kabisa, ukashindwa kuishika maisha. Epoksi ipime kwa mizani, usikadirie kwa macho, na changanya kidogo kidogo maana ukiiacha nyingi kwenye kopo moja inajichemsha yenyewe mpaka kopo linayeyuka.

Kubana nilitumia mfuko wa plastiki na pampu ya kuvuta hewa. Watu wakiona mfuko wanadharau, lakini hewa tuliyonayo inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, na skii yangu ina kama sentimita za mraba 2,300, kwa hiyo ukiifyonza ile ya ndani unapata karibu tani mbili zimelala juu ya skii, sawasawa kila mahali. Unaona gundi inavyotoka pembeni taratibu kama asali na kitambaa cha kaboni kinajichora chini ya plastiki kila uzi. Nilikaa pale naangalia mpaka usiku.

Jozi ya kwanza ilikosea hapa. Nilikuwa na haraka nikaifunika na blanketi la kupasha la umeme, nyuzi joto 80, gundi ikakauka kwa muda mfupi, nikafurahi. Kesho yake ikiwa imepoa nikaitoa kwenye kalibu, nikaiweka juu ya meza iliyonyooka, na kitu cha kwanza nilichoona ni mwanga mwingi mno chini yake katikati. Nilipanga chini ya buti pawe na upinde mdogo wa milimita 3. Nikapima, 9. Na pua ambayo ilitakiwa ianze kuinuka mapema ilikuwa imevutwa chini, kuinuka kwake kumepungua milimita 7, na skii ya kushoto hailingani na ya kulia.

Nilihangaika siku kadhaa kutafuta sababu mpaka nikaelewa. Kaboni ikipashwa moto karibu haitanuki kabisa. Chuma kinatanuka, na ile P-Tex inatanuka mno. Sasa gundi imekauka vikiwa vyote vya moto, yaani imevifunga vikiwa vimetanuka, ikipoa P-Tex na chuma vinataka kurudi kwenye urefu wao na vyote viko chini, juu hakuna kinachowasindikiza, basi vinaivuta skii inapinda, ncha zinashuka katikati panapanda. Gundi inakumbuka joto ililokaukia. Nilipoelewa hilo niliona kila kitu upya.

Nilizifunga baindingi nikaenda nazo hivohivo, nilitaka nijue kosa linasikikaje mguuni. Zilikuwa nyepesi kweli, lakini kwenye unga pua haipandi juu mpaka upate kasi kubwa, na mwisho wa kila kona mkia unang'ang'ania hauachii. Kaboni ileile, mbao zilezile, kiuno kilekile cha milimita 118, na starehe hakuna. Siku hiyo ndo niliacha kuulizia skii ya mtu ina kaboni kiasi gani, naulizia umbo.

Jozi ya pili sikuipasha. Niliiacha kwenye mfuko saa 24 kwa joto la kawaida la chumba, pampu inanguruma usiku kucha, halafu nikaiacha kwenye kalibu wiki nzima bila kuigusa, na mwishoni nikaipa joto dogo tu, nyuzi 45, ili gundi ikomae, kwa sababu umbo lilishafungwa tayari likiwa baridi. Kalibu nayo niliirekebisha, nikainua sehemu ya pua kidogo zaidi ya ninavyotaka ili kufidia kile kidogo kitakachovutwa. Kiini nikakiranda upya kwenye theluthi ya mbele kipungue kama nusu milimita, pua iwe laini zaidi. Kupima mpindo nilikuwa naweka skii juu ya stuli mbili, natundika uzito wa kilo 10 katikati, napima imeshuka kiasi gani, halafu nalinganisha kushoto na kulia. Zilitofautiana milimita moja. Nikazipiga picha.

Nilipozitoa, urefu sentimita 185, kila moja gramu 1,780. Upinde chini ya buti milimita 3. Nilipima mara nne kwa sababu nilitaka kuendelea kuisoma ile namba.

Siku ya kwanza nayo ilikuwa ya bahati, usiku kucha imeanguka theluji kavu na asubuhi hakuna upepo. Nikasimama katikati kama nilivyoambiwa. Mita kumi za kwanza skii ziko ndani ya unga huzioni, halafu kasi ikiongezeka kidogo tu unasikia kitu kinakuinua kutoka chini ya nyayo, pua mbili zikachomoza juu mbele yangu, nyeusi, na sauti yote ikapotea ikabaki shhh. Ukitaka kugeuka huinui mguu wala hulazimishi, unaelekeza goti na zenyewe zinazunguka, mkia unaachia, unapanda tena, unazama tena, kama mtu anapumua. Nilifika chini mapaja hayana habari. Nikapanda tena na tena mpaka lifti zikafungwa, na siku hiyo sikusimama katikati ya mteremko hata mara moja.

Sitaki niwafiche upande mwingine. Kaboni ikitoka kwenye unga ikakanyaga theluji ngumu iliyoganda inaongea sana, kila kinundu unakipata mpaka kwenye meno, kwa sababu ni ngumu na nyepesi na haimezi mtikisiko kama glasi na bati. Utepe wa raba unasaidia kiasi, na wapo wanaochanganya nyuzi za kitani ndani yake kutuliza, ndo nataka kujaribu kwenye jozi ya tatu. Kwa theluji iliyoshindiliwa bado natoa zile za zamani. Pia kaboni haikuonyi, glasi itapinda sana kabla ya kuvunjika, kaboni ikifika mwisho wake imefika, hivo mawe yakwepeni. Na mkiyeyusha nta ya kutelezea kwa pasi chini ya skii msiegeshe pasi sehemu moja, epoksi iliyokaukia kwenye baridi inalainika kwa joto mapema kuliko ile ya kiwandani, pitisha pasi ienende muda wote.

Nimeshateleza nazo siku 41 sasa. Upande wa kulia kuna mkwaruzo wa jiwe nimeuziba, topu, yaani uso wa juu, imechubuka pale skii zinapogongana, na juzi usiku nilizilaza tena juu ya meza ileile, nikaweka taa nyuma nikachungulia mwanga unaopita chini ya buti, nikaingiza kipimo. Bado milimita 3, zote mbili.