Safari ya Kisiwa cha Mawe: Kutengeneza Matundu Kabla Ndege Hawajarudi

Safari ya kisiwani, kutengeneza matundu ya ndege wa baharini wanaotaga ardhini, ilianzia chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kila begi lilifunguliwa, kila kitu kikakung'utwa na kutiwa ndani ya ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kukaza. Soli za viatu tulizisugua kwa brashi hadi mbegu na matope vikaisha. Panya jike mmoja mwenye mimba akijificha kwenye gunia anatosha kuangamiza makazi yote, maana hubeba mimba kwa wiki tatu hivi tu, na kinda aliye shimoni hana pa kukimbilia. Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, kilitangazwa kuwa hakina panya mwaka 2018, baada ya chambo chenye sumu kumwagwa kwa helikopta kwa misimu kadhaa. Heri saa mbili za kukung'uta mizigo.

Tuliondoka alfajiri, makinda wa msimu uliopita wakiwa wameshaondoka kisiwani. Tulichagua siku ya maji mafu, kwani maji hayapandi wala kushuka sana, na jiwe la kushukia halimezwi ghafla. Boti ilisogea pua mbele. Mmoja wetu akaruka wimbi lilipoinua, ndoo zikapokewa mkono kwa mkono, kisha boti ikarudi nyuma kutia nanga. Kuifunga mwambani kwa kamba ni kumjengea panya daraja.

Kabla ya kazi nyingine yoyote tulizungukia visanduku vya ukaguzi wa panya, vilivyopangwa kila mita 50 kando ya ufuo. Ndani ya kila kimoja kuna kipande cha nta yenye ladha ya karanga, kimefungwa kwa waya. Kimoja kilikuwa na makovu, nikakigeuza juani. Meno ya panya huacha mifereji miwili miwili iliyolala sambamba. Hapa palikuwa na vishimo vya ovyo na ukingo mmoja uliomeguliwa. Kaa huyo. Hata hivyo tulikitia mfukoni, tukaandika tarehe na namba ya kisanduku, tukaweka nta mpya na kuacha kamera ya kujiwasha hapo. Kuamini jicho peke yake ni hatari mno.

Juu kabisa, penye udongo kidogo, ardhi imejaa matundu kama sifongo. Huko tulitembea juu ya mbao pana zinazosambaza uzito. Hata hivyo paa la tundu moja lilibomoka. Ukiliacha hivyo, mvua hulijaza na ndege hulikataa. Tulitoa udongo kwa mikono hadi njia ikawa wazi, tukaziba tobo kwa jiwe bapa na kurudishia majani na mizizi yake juu.

Masanduku ya kutagia ndiyo yaliyokula muda. Kwa ndege wa ukubwa wa njiwa tunatumia sanduku la sentimita 40 kwa 40, lisilo na sakafu, lenye bomba la upana wa sentimita 15 na urefu wa mita moja hivi. Bomba lazima lipinde: likinyooka, mwanga hufika chumbani na shakwe huchungulia. Mdomo wake uinamie chini kidogo, usielekee upepo wa mvua. Kosa kubwa la masanduku yetu ya mwanzo lilikuwa joto. Mbao zilizokaa wazi juu ya mwamba hugeuka tanuri. Sasa kila moja lina kifuniko cha pili, nafasi ya hewa katikati, na mawe pande zote. Chini tulimwaga kokoto maji yapite, kisha udongo mkavu. Tulitoa pia kamba za nailoni zilizoletwa na mawimbi. Kinda akinaswa mguu, haruki tena.

Masanduku matupu hayavuti ndege, kwa sababu hutaga walipo wenzao. Kisiwani Eastern Egg Rock, Marekani, makinda wa pafini, aina ya ndege wa baharini, waliletwa kuanzia 1973, vinyago vya ndege hao vikawekwa 1977, na pafini wakazaliana 1981. Vinyago hufaa kwa ndege wa mchana. Hawa wetu huja gizani, kwa hiyo wanahitaji mlio wa wenzao uliorekodiwa. Kipaza sauti tulikielekeza baharini, paneli ya jua tukaisafisha kinyesi, na saa yake tukaitegesha iwashe machweo na kuzima alfajiri, kuanzia wiki mbili kabla ya msimu. Tukakijaribu mara moja, kwa sauti ya chini, ndipo tukaiita boti.