Saa ya kwenye bango ni saa ya kuoga

Wiki mbili kabla ya shoo tulikuwa tumeuza tiketi 38. Ukumbi unachukua watu 250. Bosi wangu aligeuza kompyuta nijionee mwenyewe, kisha akanyamaza. Huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mtu mzima akikunyamazia namna ile ni heri angekufokea.

Nilikuwa fildi, kama tunavyosema nyumbani. Nasoma uzamili hapa Leeds, na kozi yetu inadai miezi mitatu ya kazi. Wenzangu wengi walikimbilia makumbusho. Mimi niliomba kwa promota wa muziki, yaani mwandaaji wa shoo, kikampuni cha watu watatu kilichopanga chumba juu ya duka la baiskeli. Mshahara hakuna. Sheria ya Uingereza ya kima cha chini haimgusi mwanafunzi ambaye mafunzo yake ni sehemu ya kozi na hayazidi mwaka mmoja, kwa hiyo nililipwa nauli ya basi na chai, chai yenyewe ya maziwa baridi.

Bosi ni mama wa miaka sitini na kitu. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake. Nilishindwa. Wiki mbili nzima nilikuwa namsogelea hadi karibu na meza ndipo naanza kusema, ili nisilazimike kumwita.

Kazi hii niliitaka kwa sababu ya mjomba. Sisi ni watu wa Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mjomba miaka ya tisini alikuwa akileta bendi. Alikodi pikapu, akafunga spika mbili nyuma, kuanzia alasiri anazunguka barabara za Ngamiani akipaza sauti: leo ni leo, msema kesho mwongo. Tiketi za mapema alikuwa hazijui. Kiingilio mlangoni, hela kwenye mfuko wa Rambo, na usiku wa manane yeye na kiongozi wa bendi wako chemba wanagombana nani achukue ngapi. Mimi mtoto nimelala juu ya makoti ya wanamuziki. Basi nilikuja Leeds nikijiona mwenyeji wa kazi.

Wiki ya kwanza ilinivua huo wenyeji. Nilibeba bango na gundi nikauliza nikabandike wapi, wakacheka. Kubandika kwenye nguzo au ukuta wa mtu bila ruhusa ni kosa, na faini inamfuata mwenye shoo, maana jina lake liko palepale kwenye bango. Unalipia mbao maalumu, au unaingia duka kwa duka kuomba kioo cha dirishani. Halafu kuna raida, ile karatasi ya mahitaji ya bendi: taulo ngapi, maji ya aina gani, nani hali nyama. Kuna bendi ilitaka taulo sita nyeusi. Nilizitafuta mji mzima kwa miguu.

Na huu mji una historia ya muziki inayokukuta hata ukiwa unakula. Kantini ya chuo kikuu ninakonunua viazi vya kukaanga mchana ndiyo ile ambamo The Who, bendi ya roki ya Kiingereza, walirekodi albamu yao ya jukwaani tarehe 14 Februari 1970. Kuna kibao nje. Usiku wa shoo meza zinaondolewa, kesho yake watu wanakula kama hakijatokea kitu.

Turudi kwenye zile tiketi 38. Msanii alikuwa mpiga gitaa mmoja mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi London, na bendi yake ya watu watano. Bosi alitaka kuifuta shoo kabla gharama hazijapanda. Kwa hesabu zake, shoo isiyofikisha theluthi ya ukumbi wiki mbili kabla ni maiti. Nikamwambia watu wetu hawanunui tiketi mapema. Si ubahili. Kwetu mtu anaamua kutoka jioni ileile, baada ya kujua fulani naye anakwenda. Akanitazama kidogo, akasema: haya, walete.

Nikaenda Harehills, mtaa mmoja wa hapa Leeds. Ndiko yaliko maduka ya unga wa muhogo, samaki wakavu na vitenge, na saluni ambazo mteja wa mwisho anatoka saa tatu usiku. Nilibandika madirishani kwa ruhusa, nikakaa saluni mbili kwa saa nyingi kuliko nywele zangu zilivyohitaji, Jumapili nikaenda kanisa la Wakongo ingawa mimi Mwislamu. Mchungaji alinipa dakika mbili baada ya matangazo. Kisha nikaandika ujumbe wa WhatsApp kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Niliandika: milango inafunguliwa saa moja na nusu usiku.

Kaka mmoja wa Bukavu alinipigia. "Sasa dada, hiyo saa moja ni ya Tanzania ao ya Ulaya?" Nikacheka, nikamweleza, nikaandika marekebisho: 7.30. Nikadhani nimemaliza. Sikumaliza, kwa sababu shida haikuwa kuhesabu saa. Shida ni kwamba kwetu saa iliyo kwenye bango ni saa ya kuoga. Ukisoma saa moja na nusu unajua bendi itapanda saa tano, basi unapiga pasi taratibu.

Waingereza wamezoea vingine. Leseni ya ukumbi ule inakoma saa tano usiku, majirani wana namba ya halmashauri kwenye simu, na basi la mwisho halimsubiri mtu. Saa tatu kamili bendi ilikuwa jukwaani, mbele ya watu kama sitini, wengi wao wazee wa Kiingereza wenye vikombe vya bia, wanatikisa vichwa kwa adabu. Mpiga gitaa alinitupia jicho upande wa pazia. Nilitamani sakafu inimeze.

Saa nne kasorobo mlango ukaanza kugonga. Walikuja kwa magari, kina mama na vitenge vyao vya sare, wanaume na viatu vinavyong'aa, manukato yamewatangulia. Nilishika mashine ya kadi mlangoni mikono ikitetemeka. Ghafla sakafu ilijaa, wazee wa bia wakavutwa kati, solo likapanda, na watu wakaanza kumbandika mwimbaji noti za pauni tano kwenye paji la uso. Baunsa mmoja aliniuliza kama wanamshambulia. Nikamwambia wanamtunza.

Lakini walizidi kuja. Saa nne na nusu, saa nne na dakika arobaini. Nililazimika kuwaambia ukweli kwamba muziki umebakiza robo saa na kiingilio ni pauni 17 zilezile. Niliwahesabu waliogeuza magari: 40. Mama mmoja alisimama kwenye baridi na gauni lake la lesi, akanitazama kama niliyemualika harusini halafu nikamfungia geti.

Saa sita tulifunga hesabu ofisini, bosi, mpiga gitaa na mimi, kila risiti mezani. Mapema tiketi 71 kwa pauni 14, mlangoni 94 kwa 17. Jumla pauni 2,592. Toa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20, zinabaki 2,160. Toa mirabaha ya watunzi, asilimia 4.2 kwenda PRS, chama kinachowakusanyia, na mimi ndiye niliyeandika orodha ya nyimbo zilizopigwa ili mtunzi alipwe. Toa bendi 1,200, ukumbi na fundi mitambo 420, mabaunsa 210, hoteli na chakula 280, matangazo 120. Hasara pauni 160 na senti. Hakuna aliyegombana. Mpiga gitaa alisaini, akakunja nakala yake, akaomba chai ya tangawizi. Nilimfikiria mjomba na mfuko wake wa Rambo, nikaona wivu kwa niaba yake.

Bosi alichukua kalamu akapiga hesabu ya wale 40 pembeni ya karatasi. Wangeingia, tungetoka na faida ya pauni 380 na kidogo. Akaniuliza kwa nini hawakuja mapema. Nikamweleza habari ya kuoga. Alicheka hadi akavua miwani.

Asubuhi nilikuta sauti ya yule kaka wa Bukavu kwenye simu: "Dada, mbona mulimaliza mapema vile?" Na kwenye meza yangu bosi alikuwa ameacha rasimu ya bango la shoo nyingine, kwenye ukumbi wenye leseni ya hadi saa tisa usiku. Mahali pa saa ameacha wazi, ameandika kwa penseli: jaza wewe.