Vumbi, moshi au mng'ao wa jua? Ninavyosoma picha za setilaiti nikiwa Mombasa

Kabla ya kufungua picha yoyote naangalia upepo. Kusi ikivuma, hewa inayotufikia imetoka baharini, na ule utusitusi unaotanda juu ya Kilindini mara nyingi ni chumvi na unyevu tu. Kaskazi ndiyo ya kushuku, Desemba hadi Machi, maana hewa yake hutujia kutoka upande wa Somalia na Bara Arabu.

Naanza na Worldview, tovuti ya picha za setilaiti ya NASA, ambayo ni bure na haitaki programu ya ziada. Kati ya vihisi vinavyobebwa na setilaiti, nachagua VIIRS, si MODIS. MODIS inapiga ukanda wenye upana wa kilomita 2,330, na karibu na ikweta kanda mbili za jirani hazigusani, kwa hiyo siku nyingine Mombasa huangukia kwenye pengo jeusi. Ukanda wa VIIRS ni kilomita 3,060 na hauachi pengo. Saa za data zimeandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na hapa sisi tuna bahati: za mchana ukitoa tatu unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 10:50 ni saa saba na dakika hamsini.

Kinachodanganya wengi ni mng'ao wa jua baharini. Unaonekana kama utepe mpana wa kijivu cha fedha, na mtu huapa kwamba ni vumbi. Ufuatilie hadi pwani: mng'ao hukatika palepale nchi kavu inapoanza, ila vumbi haliishii ufukweni. Tena mng'ao hufuata njia ya setilaiti, kwa hiyo kesho yake utaukuta umehama.

Nikibaki na shaka nafungua Copernicus Browser, tovuti ya data za setilaiti za Ulaya, kwenye data ya setilaiti ya Sentinel-5P, nitazame kipimo cha erosoli (chembe ndogo zinazoelea hewani) cha mionzi ya urujuanimno. Chembe zinazofyonza mionzi hiyo, yaani moshi na vumbi, hutoa namba chanya. Mawingu hukaa karibu na sifuri, na chumvi ya bahari huweza kushuka chini yake. Mimi chini ya 1 sijihangaishi. Lakini kipimo hiki ni dhaifu kwa kitu kilicho chini sana: vumbi lililolala karibu na ardhi linaweza lisionekane kabisa. Kutenganisha moshi na vumbi, nageukia kaboni monoksidi kwenye data hiyohiyo. Moto huitoa, vumbi halina. Kipimo cha erosoli kikiwa kikubwa na kaboni monoksidi ikiwa ya kawaida, hilo ni vumbi.

Setilaiti hizo hupita mchana mara moja, basi mwendo nauona kwa Meteosat-9. Iko kwenye nyuzi 45.5 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu, na hupiga picha kila dakika 15, usiku na mchana. Katika EUMETView, tovuti ya picha za Meteosat, nachagua rangi za vumbi: vumbi huwa waridi iliyokolea, mawingu mazito ya juu huwa mekundu ya kahawia. Unyevu mwingi wa pwani hufifisha ile waridi, kwa hiyo utepe ulio wazi kule Somalia unaweza kupotea ukikaribia kwetu na vumbi bado lipo.

Kwa moto wenyewe kuna FIRMS, ramani ya NASA ya mioto, ambayo huonyesha data ndani ya saa tatu hivi. Nukta ya VIIRS ni kitovu cha pikseli ya mita 375, si ukubwa wa moto, na nukta inayorudi palepale kila usiku yaelekea ni tanuri la kiwanda.

Mwisho natumia HYSPLIT, modeli ya mwendo wa hewa ya NOAA (shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa), kurudisha njia ya hewa nyuma saa 72, kwa mita 500, 1,500 na 3,000. Usiweke kimo kimoja tu. Upepo unaokupiga usoni na ule uliobeba moshi huko juu unaweza kuwa umetoka pande mbili tofauti kabisa.