Karatasi iliyoota kabla ya kukauka

Jamani, mwenzenu nimejitia fundi wa karatasi ya mbegu, ile yenye mbegu ndani: unaiandikia, kisha unaifukia iote. Madaftari ya zamani ya watoto nikayachana, nikayaloweka usiku kucha, nikayasaga kwenye blenda mpaka yakawa kama uji wa lishe. Mbegu za maua ya kosmosi nilizochuma kando ya barabara nikazikoroga kwa mkono mwishoni (ukizisaga, zimekwisha!), nikamimina kwenye chekecheo, nikakandamiza kwa kanga kuukuu.

Sasa Arusha, Julai, jua utalipata wapi? Siku ya nne karatasi bado mbichi na mbegu zimechipua humo humo.

Mara ya pili nikatandaza nyembamba, nikawasha feni. Kesho yake kavu. Nikafukia kipande juu juu kwenye kopo la Blue Band. Leo machipukizi mawili yamechungulia. Mama mkwe anauliza kwa nini namwagilia barua.