Chemba ya Walatino na Swali la Nani Amelipa Nani

Kazi yangu hapa Texas ni kutunza hesabu za biashara ndogo. Kwa kuwa wateja wangu wengi ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenye migahawa, karakana za magari na kampuni za usafi, nilipoombwa kuketi katika kamati ya fedha ya chemba yao ya biashara nilikubali, nikijua kwamba Mtanzania atakuwa mgeni ukumbini lakini vitabu vya hesabu havina ugeni kwa mtu wa kazi hiyo. Ninaandika haya kwa sababu baadhi ya Waafrika Mashariki wa mji huu wanataka kuanzisha chama cha namna hiyo, na kila wanaponiomba ushauri huanza na nembo, katiba na safu ya viongozi, ilhali swali gumu zaidi ni nani atakuwa na haki ya kumwuliza kiongozi fedha zimekwenda wapi, na kiongozi huyo atajibu kwa karatasi gani.

Chemba hizi si jambo la jana. Ile ya San Antonio ilianzishwa mwaka 1929, mwaka 1965 Wakuba waliokimbilia Miami wakaanzisha chemba yao, CAMACOL, na chemba ya kitaifa, United States Hispanic Chamber of Commerce, ilianza mwaka 1979. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1 nchini Marekani, kwa hiyo benki, kampuni za simu na wanasiasa wanaotafuta njia ya kulifikia soko hilo hupiga hodi kwanza kwenye chemba. Fedha nyingi huingia kwa njia hiyo, na majaribu huja pamoja nazo.

Kisheria, chemba nyingi ziko chini ya kifungu cha 501(c)(6) cha sheria ya kodi, ambacho ni tofauti na kifungu cha 501(c)(3) cha mashirika ya hisani. Vyama vya aina zote mbili havilipi kodi ya mapato yatokanayo na shughuli zake za msingi, na vyote viwili vimekatazwa kuwagawia wakubwa wake faida. Lakini mkubwa wa shirika la hisani anayejilipa kupita kiasi hutozwa kodi ya adhabu ya asilimia 25 ya kile alichozidisha, na asilimia 200 asipokirudisha kwa wakati. Adhabu hiyo haiwagusi viongozi wa chemba. Mamlaka ya mapato inaweza kuiondolea chemba msamaha wa kodi, lakini hilo ni kuwaadhibu wanachama wote kwa kosa la mmoja. Kwa maneno mengine, sheria imewaachia wanachama wenyewe sehemu kubwa ya ulinzi, na wengi wao hawajui kama wameachiwa.

Chombo walicho nacho ni Fomu 990, ambayo chama hupeleka serikalini kila mwaka. Sehemu yake ya sita huuliza kama chama kina sera ya mgongano wa maslahi, kama wajumbe wa bodi hutangaza maslahi yao kila mwaka, kama kuna sera ya kuwalinda wanaofichua maovu na nyingine ya kuhifadhi nyaraka. Ajabu yake ni kwamba fomu hiyohiyo inakiri kuwa sera hizo hazilazimishwi na sheria ya kodi. Ni rahisi mno kuweka alama ya ndiyo. Mstari ninaoupenda mimi ni 12c, unaotaka chama kikijibu ndiyo kieleze jinsi kinavyoisimamia sera yake, kwa sababu hapo alama haitoshi, lazima mtu aandike sentensi, na sentensi inaweza kulinganishwa na kumbukumbu za vikao. Kwa bahati mbaya, chama chenye mapato ya chini ya dola 200,000 na mali isiyofikia dola 500,000 kinaruhusiwa kutumia fomu fupi isiyo na maswali hayo, na chenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 hutuma taarifa ya mistari michache tu kwa intaneti.

Nitoe mfano wa aina ninayoiona. Chemba inahitaji mtu wa kupika chakula cha gala, yaani karamu yake kubwa ya mwaka. Mjumbe wa bodi ana kompadre, yaani mtu aliyemsimamia mwanawe ubatizo, na kompadre huyo ana kampuni ya chakula, bei yake si mbaya na mapishi yake yanasifiwa mji mzima. Katika jamii ambayo biashara nyingi zimesimama kwa udugu wa damu na wa ubatizo, ukisema kila mwenye uhusiano afukuzwe utabaki na ukumbi mtupu. Kinachotakiwa ni kwamba mjumbe atangaze uhusiano huo kabla ya mjadala, atoke nje wakati wa kura, bei za washindani ziwe mezani, na kumbukumbu zionyeshe mambo yote matatu pamoja na jina la aliyetoka na muda aliorudi. Nimesoma kumbukumbu zilizoandika tu kwamba bodi ilipitisha zabuni ya chakula kwa kauli moja. Huenda hapakuwa na ubaya wowote siku ile, ila hakuna awezaye kuuthibitisha wema huo sasa, na mpishi mwenyewe ndiye aliyebaki akisemwa vibarazani.

Ufadhili ni mgumu zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna anayeiba. Kampuni kubwa hununua meza za gala, kisha miezi kadhaa baadaye huomba barua ya kuunga mkono jambo lake mbele ya mdhibiti. Mwaka 2011 shirika la GLAAD, linalotetea haki za mashoga, lililaumiwa kwa kuunga mkono kampuni ya simu ya AT&T kuinunua mshindani wake T-Mobile wakati AT&T ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake, na mkuu wake akajiuzulu mwezi Juni. Ununuzi wenyewe ulivunjika mwezi Desemba mwaka huohuo. Chemba yoyote inaweza kunaswa na mtego huo, tena tangu kanuni za mwaka 2020 vyama vya 501(c)(6) havilazimiki hata kuitajia mamlaka ya mapato majina ya wachangiaji wake wakubwa. Mwenye duka anayelipa ada ya uanachama hana njia ya kujua kama barua iliyoandikwa kwa jina lake ilitokana na mjadala wa wanachama au na meza ya mbele.

Hata chemba ya kitaifa ilipata msukosuko: Februari 2018 mkuu wake aliondoka kufuatia madai kuhusu fedha na kuhusu mwenendo wake kwa mfanyakazi, madai ambayo aliyakanusha. Kwa yeyote anayeandika sera, ni vyema ijulikane kwamba sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, ingawa ilitungwa kwa ajili ya kampuni za hisa, ina vipengele viwili vinavyovihusu vyama pia: ni jinai kumlipizia kisasi mtu aliyewapa vyombo vya dola taarifa za kweli kuhusu kosa la sheria za serikali ya shirikisho, na ni jinai kuharibu nyaraka ili kukwamisha uchunguzi.

Mtu yeyote, hata asiye mwanachama, anaweza kwenda ofisini kuomba nakala za Fomu 990 za miaka mitatu ya karibuni na akapewa siku hiyohiyo. Akiomba kwa barua, chama kina siku 30. Chama kisichowasilisha taarifa yake miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wa kodi papo hapo.

Pendekezo la kamati yetu, linalosubiri mkutano mkuu, ni kwamba ripoti ya mwaka itaje kila mfadhili, kiasi alichotoa, na kila barua ambayo bodi iliandika kwa faida yake. Mjumbe mmoja amelipinga akisema wafadhili watakimbia. Nilimjibu kwamba majina yao yako tayari kwenye bango la jukwaani, kwa maandishi makubwa kuliko jina la chemba, na wao wenyewe ndio walioomba yawekwe hapo. Kisichoonekana ni kiasi na barua.