Mafuta ya Mwili na Swali la Mama Mdogo

Mama mdogo huuza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, na kila mwezi mimi humsindikiza kliniki ya kisukari. Safari iliyopita, tone la damu likiwa bado linang'aa kwenye ncha ya kidole chake, aliniuliza: "Mwanangu, mbona sukari inapanda na chai nainywa bila sukari?"

Swali lake lilinirudisha kwenye kazi ya Gökhan Hotamisligil, mtafiti mzaliwa wa Uturuki ambaye mwaka 1993, akiwa Boston, Marekani, yeye na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi TNF-alfa, protini inayochochea mchochota (kinga ya mwili kuwaka kana kwamba kuna jeraha au ugonjwa), na kwamba protini hiyo ilipozuiwa, miili ya panya hao iliitikia vizuri zaidi insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Kabla ya hapo wengi waliyaona mafuta kama ghala tu la nishati. Kumbe ni kiungo kinachotuma ujumbe. Mwaka 2003 watafiti wengine walionyesha kwamba seli za kinga hujazana ndani ya mafuta ya mtu mnene, zikiwasha mchochota wa chinichini usio na homa wala maumivu.

Kwa binadamu, kuizuia TNF-alfa pekee hakujawa tiba ya kisukari, na hilo sikumficha. Nilimweleza kwamba insulini hubisha hodi kwenye seli, lakini mchochota huidhoofisha sauti yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kutembea kutoka Kirumba hadi nyumbani kunasaidia. Kunasaidia, nikamjibu, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa dhaifu.