Vitamini: hakuna vita, wala hakuna kuamini

Sikio la Mswahili likisikia "vitamini" hukimbilia vita. Vita hii lakini ni ya Kilatini, na maana yake ni uhai. Wengi hulikata neno vita-mini, kumbe kiungo kiko kwingine: ni vita na amini, ile a ya katikati wanagawana. Na amini yenyewe haihusiani na imani.

Aliyeliunda ni mwanakemia Casimir Funk, mwaka 1912, akiwa kwenye taasisi ya utafiti ya Lister Institute, London. Alikuwa akichunguza beriberi, ugonjwa wa neva na moyo unaowapata watu wanaoishi kwa mchele uliokobolewa hadi ukawa mweupe pe. Kabla yake, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, huko kisiwani Java, alishaona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda lake wakapona. Tiba basi imo kwenye pumba. Funk alizichambua, akaona alichokipata ni amini, yaani kampaundi yenye naitrojeni, ya ukoo wa amonia. Akaliandika vitamine, likiwa na e mwishoni.

Amonia nayo ina asili ya kwetu Afrika. Warumi waliita sal ammoniacus, chumvi ya Amoni, wakimtaja mungu wa Misri aliyekuwa na hekalu kwenye oasisi ya Siwa.

Kosa la Funk ni kudhani vitu vyote vya aina hii ni amini. Vitamini B1, ile ya kwenye pumba, kweli inayo naitrojeni, atomu 4. Lakini vitamini C ni C6H8O6: kaboni, haidrojeni, oksijeni, basi. Vitamini A, C20H30O, vivyo hivyo. Mwaka 1920 mwanakemia Mwingereza Jack Drummond akapendekeza e ikatwe, kwa kuwa kwa wanakemia "-ine" inadai amini, ilhali "-in" haidai chochote. Ndiye pia aliyependekeza tuseme vitamini A, B, C. (K haikungoja zamu yake, imetoka kwenye neno la Kijerumani Koagulation, kuganda kwa damu.)

Waingereza wakakata irabu, Kiswahili kikabandika nyingine. Hiyo haina ubaya. Ubaya uko kwenye ngeli: vi- ya mwanzo si kiambishi cha wingi, ndiyo maana hakuna kitamini kimoja. Ni vitamini hii, vitamini hizi. Anayeandika "vitamini hivi" amedanganywa na sikio.